Sahani ya Ndege Wawili Iliyokwenda Ankara

Ankara, Uturuki
14 Novemba 2024

Dada yangu Maisara,

Shikamoo. Barua hii ikukute umekaa kitako, goti lako limepoa, na mwanetu Radhiya anaishi kama bibi harusi mtarajiwa, yaani hashiki hata ufagio. Sisi huku wazima. Mwanangu Riyama kajifungua tarehe tatu, mtoto wa kiume, jina lake Kheir. Wauguzi walikuwa wanaingia mmoja mmoja kumtazama. Mkwe wangu Suhail anasema walikuwa wanabadilishana zamu, lakini mie nna macho.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwa karatasi na simu ipo. Dada, simu yako unaisikiliza kwa spika ukumbini. Mara ya mwisho nilipokwambia siri, nilifika Darajani muuza ndizi akanipa pole. Barua hii anakuletea mwanafunzi wa Jambiani anayerudi likizo. Isome peke yako.

Sasa sikiliza habari za mji. Ankara ndio mji mkuu wao. Si ule wenye bahari unaouona kwenye tamthilia zako, ule mwengine. Huu hauna bahari hata ya dawa. Nilimuuliza Suhail, "Sasa samaki wanaingia kwa wapi?" Akasema wanakuja kwa lori. Nilimuonea huruma.

Ni vilima juu ya vilima, na juu ya kila kilima majumba ya ghorofa yamebanana kama watu kwenye picha ya harusi. Kila mtu anakwenda mbio kana kwamba kaacha chungu motoni. Kuna treni inapita chini ya ardhi, na kuifikia unashuka kwa ngazi zinazokwenda zenyewe. Mara ya kwanza nilipiga shahada. Mara ya pili nilimuelekeza bibi mmoja namna ya kukanyaga. Majibwa makubwa yamelala milangoni mwa maduka, yamevishwa vipuli sikioni, na watu wanayaruka kwa adabu. Asubuhi mlinzi wa jengo anatundika mkate kwenye kitasa cha kila mlango. Nilikaa nyuma ya mlango siku tatu nimuone atakayeiba. Hakutokea mtu, nikavunjika moyo kidogo.

Na mji wote huu, Dada, unampanulia kinywa mwanangu. Daktari wa meno si mchezo. Wazee wenye masharubu, watu wa serikali, wanalala kwenye kiti wanafumbua mdomo, na binti wa Malindi anachungulia ndani.

Chini yetu anakaa mjane, Bi Nermin. Umri wako, macho yako, na nadhani mdomo wako pia, ila sijaelewa anasema nini. Siku ya kwanza nilipomtembelea alinimiminia viganjani maji yanayonukia ndimu. Nikajua tunanawishwa, chakula kinakuja. Nikakaa na mkono wangu wa kulia mbele, nangoja wali. Ikaja peremende moja.

Siku ya saba ya mtoto nikapika pilau nikampelekea. Lazima wajue mtoto huyu katoka nyumba gani.

Nisalimie wote, na uwahadithie habari za vinywa, lakini usiseme mie ndiye niliyesema.

Mdogo wako,
Amne


Makunduchi
20 Disemba 2024

Mdogo wangu Amne,

Marahaba. Nimefurahi kwa mtoto, Mungu amkuze. Goti halijapoa. Radhiya hashiki ufagio kweli, wala kabla ya posa alikuwa haushiki.

Habari za mji wako nimezisoma peke yangu, kisha nikawasomea watu wa nyumbani, kisha jirani wakaja. Wanauliza hao majibwa wanatolewaje hivyo vipuli wakati wa kulala.

Sasa. Wiki iliyopita nilikwenda mjini Malindi kukufungulia nyumba ipigwe hewa, kama ulivyoniomba. Nikatandua magodoro, nikafagia. Nikafungua kabati la vioo. Kwenye vumbi kuna alama ya duara kubwa, na juu ya duara hapana kitu.

Amne, sahani ya Mama iko wapi?

Sikuelezi kwa kuwa hujui. Nakueleza kwa kuwa nnaona umejisahaulisha. Sahani ile ya buluu yenye ndege wawili, marehemu Mama katuachia sote wawili na akasema isigawiwe wala isiuzwe. Kila harusi ya nyumba yetu, chakula cha bwana harusi kinatoka juu yake. Kala marehemu mume wangu, kala wako, kala Suhail. Radhiya anaolewa na Silima wa Chwaka, Jumamosi tarehe 12 Aprili, inshaallah. Watu wa Chwaka wameshasikia habari ya sahani hiyo kwa kinywa changu mwenyewe. Kama haipo nitawapakulia kwenye nini, beseni?

Nijibu.

Dada yako,
Maisara


Ankara
12 Januari 2025

Dada yangu mpenzi, wa tumbo moja,

Shikamoo mara mbili, moja ya leo na moja ya mwaka mpya wa wazungu. Vipi hali, vipi mvua, vipi goti? Nimekununulia soksi za sufu. Huku kumeanguka theluji, Dada. Asubuhi nilifungua pazia nikadhani mtu kamwaga unga. Niliteremka na ndara za msikitini kuigusa, Suhail akanirudisha ndani kwa kunibeba. Watoto wanaiviringisha wanarushiana, na polisi anapita anatazama tu.

Mjukuu wangu keshaanza kucheka. Watoto wengine wa rika lake bado wanatoa macho tu.

Nimeshafika kwenye ngome yao ya kale, juu kabisa, na pale juu nikauona mji wote chini umekaa kama sinia la mikate. Nikamwambia Riyama, "Mama yako kasoma mpaka darasa la saba, na leo anautazama mji mkuu wa watu utosini." Alilia kidogo. Au upepo.

Kuhusu sahani, usitie wasiwasi hata chembe. Iko pahala pazuri, pa juu, kila anayeingia anaiona na kuisifu.

Bi Nermin hajambo. Nimempelekea visheti, nikampelekea katlesi, juzi nikampelekea mkate wa kumimina. Mtu wa watu sana. Kabati la Riyama limejaa sahani za kigeni, moja inang'ara kuliko mwenziwe.

Kurudi bado kidogo. Baridi hii haifai kusafiria, na Kheir karibu ataota meno. Mtoto wa daktari wa meno hawezi kuota meno bila bibi yake.

Akupendaye,
Amne


Makunduchi
2 Februari 2025

Amne,

Marahaba zote mbili. Hatujambo. Mtoto wa miezi mitatu haoti meno.

Arobaini ya mwanao ilimalizika katikati ya Disemba. Nimehesabu kwa vidole vyangu na vya Radhiya. Umekwenda kumkanda mzazi, na mzazi keshasimama, anapanda treni ya chini ya ardhi anakwenda kazini. Wewe unangoja nini huko?

Nilimpigia Riyama. Anasema mama yake kutwa yuko jikoni anampikia jirani. Anasema ni mapenzi, mmekuwa kama pete na kidole. Mie nakujua tangu unanyonya. Tangu lini wewe ukampikia mara nne mtu ambaye huna shida naye?

Pahala pazuri, pa juu. Wapi, peponi?

Nataka neno moja tu. Sahani iko kwa nani?

Maisara


Ankara
20 Februari 2025

Dada Maisara, shikamoo. Leo sina salamu nyingi. Chana barua hii ukishaisoma.

Iko kwa Bi Nermin. Imetundikwa ukutani.

Nilikuja nayo. Niliipakata kwenye ndege saa zote kama mjukuu wa pili, nimeifunga kanga mbili. Nilitaka waone, Dada. Nilijua watu wa miji mikubwa wakituona wanadhani tumeokotwa ufukweni. Basi ile pilau ya siku ya saba nikaipakua juu ya sahani ya Mama, zabibu juu, nikateremka ngazi kichwa juu. Bi Nermin akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama, macho yakamjaa maji. Nikasema moyoni, naam, sasa mmetujua.

Kesho yake ikarudi sahani. Siyo ile, nyengine, na ndani majani ya mzabibu yamefungwa wali, kila kifurushi kidogo kama kidole kilichovaa buibui. Tamu. Nikashuka kumshukuru. Nikainua macho, sahani ya Mama iko ukutani, kaitilia waya, kaitundika baina ya saa na picha ya marehemu mumewe.

Sasa nifanye nini? Unajua tulivyolelewa. Sahani haidaiwi. Inarudi yenyewe, na hairudi tupu. Sufuria ya Mama ilikaa kwa jirani mwaka mzima, tukachemshia maji kwenye kopo la maziwa, na Mama alikuwa akikutana naye kisimani anamuuliza habari za watoto tu.

Nikaamua kumkumbusha kwa adabu. Nikapeleka visheti, kwenye kisahani cha plastiki kilichopasuka, ili aone kwamba sahani zimetupungukia. Akarudisha halwa kwenye bakuli zuri. Nikapeleka katlesi kwenye kifuniko cha sufuria. Akarudisha maandazi ya jibini kwenye sinia la shaba. Nadhani anaona sina vyombo, basi anaongeza na chombo. Vyombo vyake kumi na moja viko kwangu, na siwezi kuvirudisha vitupu, kwa hiyo napika tena. Na kila nikipeleka nakaa chini ya ile sahani nakunywa chai, naitazama, namtazama, naitazama. Yeye anatabasamu, anaweka mkono kifuani.

Riyama hajui. Alinikataza kwa simu nisiitoe Malindi. Nikimwambia atashuka atamwambia kwa Kituruki, kavukavu, kama anavyong'oa meno.

Usinilaumu sana. Nilijisifu nikazidisha.

Amne


Makunduchi
8 Machi 2025

Amne,

Marahaba. Tumefunga, hatujambo, na nimesoma barua yako kabla ya futari, jambo ambalo halikunisaidia. Sikuichana. Nimeiweka ndani ya foronya.

Nimecheka, usidhani sikucheka. Kifuniko cha sufuria. Lakini nikishacheka nakasirika.

Kwa nini watu mnapenda kujitesa? Teremka hizo ngazi. Gonga mlango. Oneshea kidole ukutani, kisha jioneshee wewe kifuani. Hata mtu asiyejua lugha atafahamu. Aibu ya nini kwa kitu chako? Mama alikuwa Mama, zama zake zimepita. Mtu mwenye akili anadai kilicho chake, anarudi nyumbani, analala. Mie ningekuwa hapo, sahani ingeshakuwa Makunduchi na waya wake.

Bi Mwanakheir, mamake Silima, alikuja juzi toka Chwaka na mume wake Borafya. Akauliza kwa sauti laini, "Na ile sahani yenye ndege, shoga, tutaiona?" Nikamwambia iko Malindi inapumzika. Nimesema uwongo mwezi wa Ramadhani kwa ajili yako.

Zimebaki wiki tano. Ukija bila sahani, basi uje na wewe mwenyewe umeshika chakula cha bwana harusi kwa viganja.

Dada yako ambaye hasiti kugonga mlango wa mtu,
Maisara


Ankara
28 Machi 2025

Dada yangu Maisara, shikamoo ya furaha.

Tiketi nshakata, nafika Jumapili tarehe sita. Barua hii inatangulia na Haitham, mwanafunzi anayekuja kula Idi kwao Mkokotoni. Nimemuapisha akupe mkononi.

Jana baada ya futari nilishuka kwa Bi Nermin kuaga. Kabla ya hapo nilipika siku mbili, nikavijaza vyombo vyake vyote kumi na moja, kila kimoja na kitu chake, tukavishusha kwa safari tatu mie na Riyama. Nilijisemea, leo nitagonga na kuoneshea kidole kama Dada alivyoniambia. Wallahi nilikuwa tayari. Kidole nilikianza kukinyoosha.

Bi Nermin akaviona vile vyombo, akakaa chini. Akashika kichwa. Kisha akasimama juu ya kiti, akaishusha sahani ya Mama, akaifuta kwa ncha ya kitambaa chake, akaingia nayo chumbani. Akatoka nayo imejaa, Dada, imejaa mpaka ndege hawaonekani. Soksi za mtoto jozi tano. Kofia. Fulana ya sufu ya vifungo vya mbao. Fulana ya mwakani, kubwa kidogo. Blanketi la rangi saba. Vyote kavifuma kwa mkono.

Akasema maneno mengi huku analia. Riyama akageuka akanitazama vile anavyomtazama mtu aliyemeza jino.

"Mama," akaniambia, "anasema siku ile ulipoleta sahani kama hii alijua haiwezi kurudi na mkate. Na kwao sahani hairudi tupu. Akaitundika ili isivunjike, akaanza kufuma soksi. Mwezi wa Disemba zilikuwa tayari. Alikuwa anapanda ngazi kukuletea, akakukuta unashuka na visheti."

Nikazipapasa zile soksi.

"Akaona soksi hazitoshi tena, akaanza kofia. Ukaleta katlesi. Akaanza fulana. Anasema kila akikaribia kumaliza unagonga mlango na chakula. Macho yamemuuma kwa kufuma. Anaomba umuwie radhi kwa kukuchelewesha."

Dada, nimevuka nchi ngapi, nimepanda ndege mbili, nimekuja mji mkuu wa watu kumkuta Mama yetu yuko ghorofa ya pili kavaa soksi za sufu. Tuliliana pale sebuleni mpaka chai ikapoa. Kisha akaanza kutupakulia kile chakula nilichompelekea, kwenye sahani zake, tuondoke nazo. Riyama akatukataza sote wawili.

Nakuja nayo. Nimeipakata tangu jana.

Amne


Makunduchi
24 Aprili 2025

Mdogo wangu mpenzi Amne,

Sikungoja shikamoo yako, nimeanza mwenyewe kukusalimu. Utaona ajabu, jana tu ulikuwa hapa kwangu umekula na umelala, na leo nakuletea barua Malindi kwa mkono wa dereva. Kuna maneno uso kwa uso hayatoki, na simu yangu unaijua.

Kwanza nishukuru tena. Sahani ilipotolewa siku ya harusi watu wa Chwaka walisimama. Silima alikula akaramba mdomo wa ndege. Umetuweka juu, Amne, na zile habari zako za Ankara ukawamaliza kabisa. Sikujua kama ngazi zile zinazokwenda zenyewe wewe ndiye uliyewafundisha kuzipanda.

Jana uliniuliza sahani iko wapi, nikakwambia imo uani inaoshwa. Haioshwi. Siku ya pili ya harusi nilimpelekea Bi Mwanakheir biriani Chwaka, na kwa furaha niliyokuwa nayo, na kidogo kwa kuwa alikuwa na wageni wa kutoka Tumbatu, nikaipakua juu ya sahani ya Mama.

Leo siku ya kumi na moja.

Alhamisi iliyopita nilimpelekea kaimati, kumkumbusha tu. Ikarudi bakuli na pweza wa nazi. Jumatatu nikapeleka bokoboko, kwenye kisahani kilichomeguka, nadhani unajua kwa nini. Likarudi sinia jipya na ngisi. Nilikwenda mwenyewe Jumanne, na goti hili. Nikaiona imelazwa juu ya meza, kaifunika kitambaa cha kudarizi. Nilikuwa na maneno yangu tayari mdomoni. Akanishika mkono, akaniuliza habari za goti. Nikamjibu habari za goti. Nikarudi.

Na hajali, mwanamke yule. Radhiya anasema tangu harusi ilipomalizika mkwewe kutwa kakaa barazani anasuka mkeka, kwa ukili wa rangi, hata sokoni hatoki. Mtu kashikilia sahani ya watu, anastarehe na mikeka.

Kuhusu barua niliyokuandikia mwezi wa Ramadhani, kuna mambo ndani yake siyakumbuki vizuri, na wewe pia usiyakumbuke. Kesho nakusudia kumpelekea sambusa. Nipe shauri.

Dada yako,
Maisara


Malindi
25 Aprili 2025

Dada,

Shikamoo. Dereva anangoja, naandika nimesimama.

Barua yako ya Ramadhani ninayo ndani ya foronya.

Zima jiko. Sambusa wale watoto. Mkeka ule ni wako, na kila unachopeleka unauongeza pima moja. Ukimpelekea na bajia, mkeka utafika Paje.

Amne